Mtoto wa Jicho

Kilomita mia nane na hamsini, na gari limejaa
fremu, lenzi, na kibao cha herufi
nilichokikunja kama mkeka wa mgeni asiyekaa.
Hakuna mti. Nasema kwa hesabu, si kwa huzuni:
nilihesabu, nikaishia mmoja, wa chuma,
baba fulani aliuchomelea kwa vyuma chakavu
wanawe wapate wa kupanda.

Kisha vifusi vyeupe, maelfu,
kana kwamba fuko amepagawa chini ya Australia.
Kando ya njia bango:
MASHIMO. USITEMBEE KINYUMENYUME.
Nikacheka. Nani hutembea kinyumenyume?
(Wapiga picha, niliambiwa baadaye. Wawili mwaka ule.)

Nyumba ya Milka haina ukuta wa nje.
Ina kilima, mlango, na bomba la hewa lililochomoza juu
kama kidole cha mtoto anayeomba ruhusa darasani.
Nje nyuzi arobaini na sita; ndani nilivuta shuka.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, walionya wahenga.
Hapa wameingia na vitanda, na friji,
na picha za harusi zilizopigiliwa mwambani,
na wanalala fofofo.

"Zdravko alinunua baruti kuliko mkate," asema Milka.
Meno ya mashine yameacha mistari ukutani
kama kitana kilichopita kwenye nywele mbichi.
Chumba cha kwanza, walale. Cha pili, jiko.
Cha tatu, Goran alipozaliwa,
na humo ukutani wakakuta mshipa wa opali
uliolipa shule ya bweni, mbali, karibu na bahari.
Wakaendelea. Cha nne. Cha tano.
Akija likizo atataka nafasi, walisema.
Cha saba hakikuwahi kutiwa taa.
Goran huuza nyumba Perth, ghorofa ya thelathini na moja.
Pasaka hupiga simu.

Asubuhi nikatundika kibao changu kanisani,
nalo limechimbwa; watakatifu wake
waliibuliwa mwambani na fundi bomba.
Akaja Stelios, chembe ya jiwe jichoni
tangu lile poromoko asilopenda kulizungumza.
Akaja Elva, ambaye watu wake walikuwa hapa
kabla ya shimo la kwanza; akasoma mstari wa mwisho
na jina la kiwanda chini yake, herufi za sisimizi.
Utotoni alichekecha vifusi vya wachimbaji.
"Walivyovitupa," alisema, "ndivyo vilivyotuvika viatu."

Kisha Milka. Nikamulika.
Weupe mwepesi, maziwa tone moja katika maji.
Mtoto wa jicho, nikasema kimoyomoyo,
kwa lugha isiyokuwa na wa kuisikia jangwani kote,
na neno likanigeuka.
Mtoto.
Basi huyu ndiye aliyerudi.
Ameingia kimya, hakuuliza kuna vyumba vingapi.

Nikamweleza: upasuaji dakika ishirini,
basi usiku kucha, na mtu wa kumshika mkono.
Hapo kwenye mkono akaanza kukunja leso.
"Nitaona rangi?"
Utaona.
"Hata ile nyekundu ya ndani kabisa, jiwe likigeuzwa?"
Hata hiyo.

Usiku alizima taa.
Giza la kule si upungufu wa kitu,
ni kitu; unakilalia, nacho kinakulalia.
Nikasikia nyayo zake, hazikupapasa, hazikukosea,
kiganja kikisoma mistari ya ukuta
hadi chumba cha saba. Akakaa huko.
Sijui kwa muda gani. Saa yangu sikuiona.

Kulipokucha nikaaga. Nilikuwa narudi nyuma
nikimpungia, hatua tatu, nne,
naye, asiyejua hata gari langu ni la rangi gani,
akapiga ukelele kutoka mlangoni mwa kilima:
"Geuka, wewe! Geuka!"